Jina Ambalo Sikuwa Nalo

Mama Kapinga, mama mkwe wangu, tulimzika wiki iliyopita, na kwenye kilio nililia mpaka wanawe wa kuzaa wakanishika mikono wakiogopa nitaanguka. Wazee waliokaa kwenye viti vya plastiki walitikisa vichwa kwa kuridhika: mkwe wa namna hii hapatikani siku hizi. Niliwasikia, na masikio yangu yakawaka moto. Nilimpenda yule mama, hilo sitaki mtu alibishe. Lakini mbele yake sikuwahi kukaa kwa raha, hata baada ya nywele zangu nami kuwa nyeupe, na chanzo chake ni mwaka mmoja tu, mwaka wa mimba yangu ya pili, kule Kolwezi, wakati nchi inaitwa Zaïre na vita bado havijatufikia. Wajukuu wangu wanasema nimefika umri wa kutoona aibu tena. Aibu yenyewe haijapewa habari hiyo.

Tulikaa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi: vyumba viwili, jiko nyuma, na ukuta mwembamba unaokuletea kikohozi cha jirani kama chako. Mukendi, mume wangu, alikuwa fundi wa mashine, na akirudi kazini hata kope zake zilikuwa na vumbi. Mama Kapinga, mjane, alilala chumba cha mbele na kutawala jiko. Maneno ya mapenzi hakuyajua. Upendo wake aliupika. Bukari, ugali wetu wa Katanga, aliusonga mlima, akaukata kwa kijiko kilicholoweshwa maji, na kipande kikubwa kikaja upande wangu kabla Mukendi hajapata chake. Asubuhi ilikuwa mkate na chai yenye sukari nyingi kiasi kwamba chini ya kikombe ulibaki uji. Mchana munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, nao akauongezea sukari kwa ajili yangu. Nikanenepa. Nilikuwa mnene tangu kuolewa, sasa nikawa mnene wa kupongezwa. Wanawake waliopita uani walinipigia vigelegele vidogo: "Feza ananona! Bwana yake anamuchunga!" Nami nikajigeuza ili waone vizuri. Leo nikikumbuka jinsi nilivyojigeuza natamani kujificha nyuma ya mlango.

Niseme sasa kuhusu mtoto wa kwanza, maana bila yeye haya mengine hayaeleweki. Nilikuwa nimempoteza mwaka uliotangulia, katika nyumba hiyohiyo. Uchungu uliniwahi nyumbani, wanawake wa jirani wakajaa chumbani, na mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Kichwa kikatoka. Mabega yakakwama. Nilisikia sauti zikibadilika, zile za kunitia moyo zikawa za kuniamuru. "Sema, Feza! Sema jina, mutoto apate njia!" Kambini hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Uzazi ukikwama, waliamini, kuna mwanamume mwingine amekaa njiani. Mama akimtaja, njia inafunguka, na asipomtaja mtoto anakufa kwa ajili ya siri yake. Haikuwa imani ya watu wa mume wangu peke yao. Hata kwetu bibi zangu walilisema hilo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kusimama pembeni ya kitanda cha jirani nikimwambia aseme. Sasa zamu ilikuwa yangu. "Haiko mutu," nililia. "Mi siko na mutu!" Mama Kapinga alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Mutoto anakufa ju ya jina, Feza. Jina moja tu." Sikuwa nalo. Gari la hospitali lilipofika, mtoto alikuwa amekwisha kutoka na amekwisha kufa, mvulana mkubwa ajabu, mashavu yamejaa, na mwanamke mmoja alisema kwa masikitiko, kama mtu anayetazama mali iliyovunjwa, "Ona muzuri vile."

Tangu siku hiyo nikawa yule aliyeficha. Hakuna aliyenitukana, ningeona afadhali kutukanwa. Maneno yalikatika nilipofika bombani kuchota maji, kisha yakaendelea kwa adabu juu ya bei ya samaki. Ilikuwa miaka ile nchi nzima inabadilisha majina kwa amri ya serikali: Marie amekuwa Ngalula, Joseph amekuwa Kazadi, hata mto na jimbo vimepewa majina mapya. Watu wote walipewa majina kwa wingi, na mimi niliombwa moja tu nikashindwa kulitoa. Mukendi hakuniuliza kitu. Alinirudisha kutoka makaburini akanishika mkono mpaka mlangoni, lakini usiku, hata alipokuwa amenijia, alilala akiangalia ukuta, na mimi nililala nikiona aibu ya mgongo wake, kana kwamba kweli nilikuwa nimemwekea mtu hapo katikati.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoonekana, nilifurahi kwa hofu. Nilijua mtoto huyu akikwama kama wa kwanza, nitaambiwa niseme tena, na safari hii nisiposema nitarudishwa kwetu. Mama Kapinga hakungoja uchungu. Alinikuta jikoni nikichambua sombe, majani ya muhogo, akavuta kigoda akakaa karibu sana.

"Feza, mutoto yangu. Mimba inakomaa sasa. Mi siko na hasira. Mutu anaweza kuanguka. Sema ile jina kwangu mi moja. Nitapika kuku mweupe, tutaikula, bitu itaisha."

"Mama, haiko mutu."

"Njo vile ulisema ile siku."

"Ju haikukuwa mutu ile siku."

Akachukua majani mengine akaanza kunisaidia. "Ule mutoto alikuwa na nguvu," alisema mwishowe. "Mutoto wa vile hawezi kufa bule."

Nikiri kwamba nililifikiria. Nililala chali mchana, miguu imevimba, nikipitisha wanaume kichwani kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mwokaji mikate? Alikuwa na mke mwenye wivu, yule mama angenijia na mwiko. Katekista? Mungu angenipiga radi. Nikafikiria kumtaja marehemu, mtu ambaye hatadhurika, lakini kila marehemu niliyemkumbuka alikuwa mzee asiye na meno au ana wajane wawili pale pale kambini. Hata kwenye uongo nilikosa mwanamume wa kufaa. Nilicheka peke yangu, kisha nikasikia mtoto anageuka tumboni, mzito, na kicheko kikaisha. Ikiwa uongo ungemfungulia njia, je, ni mama gani mimi ninayeuona mgumu? Hilo ndilo lililonisumbua, si heshima yangu. Nilikuwa naanza kujiuliza kama kweli nilimuua wa kwanza kwa kukosa la kusema.

Wakati huohuo nilikuwa na kiu. Nilikunywa maji mpaka tumbo likalia kama mtungi, na choo cha nyuma kikawa makao yangu. Mama Kapinga ndiye aliyeamua twende materinite, kliniki ya wajawazito, akanisindikiza mwenyewe, kitenge kipya kiunoni. Tulikaa kwenye benchi refu na wanawake wengine, na mbele yetu muuguzi mmoja alikuwa na taa ya spiriti na vichupa vyembamba vyenye maji ya bluu, bluu ya yale mawe ya shaba ambayo watoto wetu waliyaokota kuchezea. Aliangusha matone ya mkojo wa kila mmoja, akachemsha juu ya moto. Ya wenzangu yalibaki bluu. Yangu yakawa kijani, yakawa manjano, yakaenda yakageuka rangi ya tofali, na benchi zima likainama mbele kutazama. Sijui kama kuna aibu ya kitoto zaidi ya kusemwa na mkojo wako mwenyewe hadharani.

Muuguzi akainua kichupa kwenye mwanga, akaniita "mwananchi" kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza wakati ule. "Sitoyene Feza, kwenu kuko mutu wa sukari?"

"Kuko," nikajibu haraka, nikifurahi kupata swali jepesi. "Mama yangu. Eko Tenke. Anauzishaka ku gare, kopo kwa kopo."

Benchi lililipuka. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akashika tumbo lake akiogopa litashuka. "Mi nauliza bugonjwa, mama!" muuguzi alisema, naye anacheka. "Bugonjwa ya sukari!" Sikuwahi kusikia kwamba sukari inaweza kuwa ugonjwa. Nilimwangalia Mama Kapinga. Yeye peke yake hakucheka.

Daktari, kijana kutoka Lubumbashi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniita ndani akafunga mlango. Alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionivunja. Aliuliza uzito wangu, akauliza kama nilikuwa mnene kabla ya mimba. Akauliza kama mama yangu anakunywa maji sana, kama ana kidonda kisichopona. Akauliza kuhusu mtoto wa kwanza. Nilipofika kwenye mabega nilianza kulia, si kilio cha adabu, kile cha kusikika mpaka barabarani. Alingoja.

"Mama, sikiliza," alisema. "Ile sukari iko mingi mu damu yako, inapita kwa mutoto. Mutoto ananona, mabega inakuwa mikubwa. Njo ile ilikwamisha ule wa kwanza. Mimba njo inaiamusha, lakini mulango ilikuwa wazi tangu zamani: mwili munene, mutoto mukubwa mwenye kufa, na kama mama yako naye iko nayo, basi."

"Haikukuwa ju ya mutu?"

"Mutu gani?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Nikaangalia miwani yake, kalamu mfukoni, uso wa kijana anayeweza kuwa mdogo wangu, na nikaona haya kutamka kitu ambacho nilikuwa nimekiamini nusu. "Hakuna," nilisema. Nilitoka macho yamevimba. Mama Kapinga alisimama, akanishika mkono na kuubana kwa nguvu. Hakuniuliza daktari amesema nini. Njia nzima ya kurudi hakuniachia huo mkono, nami nikamshukuru moyoni kwa huruma yake.

Daktari alitaka kujua habari za mama yangu, basi nilipanda treni kwenda kwetu Tenke, ambako aliuza sukari stesheni. Nilimkuta nyuma ya nyumba, si stesheni, mguu umefungwa kitambaa na ndoo ya maji kando yake. Nilimuuliza kama ana sukari, akanionyesha gunia lake akicheka, kama nilivyofanya mimi. Kisha akaona uso wangu.

"Nani alikuambia?" Sauti yake ilishuka. Kumbe zahanati walikuwa wamemwambia kitambo, baada ya kitinda mimba wake, na hakumwambia mtu. "Bugonjwa ya kukojoa ku matandiko, Feza. Ningesema kwa nani? Na mulikuwa mabinti, hamuyaolewa. Bangesema kwetu kuko laana." Akaupapasa ule mguu. "Sisi tunazalaka batoto bakubwa. Mama yangu vile, mi vile. Nilifikiri ni baraka." Nilipoondoka alinishika kitenge. "Ile neno usipeleke kwa bakwe. Nakuomba." Nikamwahidi. Ningefanya nini? Alikuwa mama yangu, na aibu yake niliijua kwa ladha.

Hivyo nyumbani nilisema kidogo tu: daktari amenikataza bukari nyingi, sukari, munkoyo na mkate. Nilitegemea vita. Yule mama ambaye kwake sahani iliyorudi na chakula ilikuwa tusi, nilimwambia sili alichosonga. Lakini alinishangaza. Aliweka mwiko chini, machozi yakamlenga. "Funga, mutoto yangu," alisema. "Kufunga ni muzuri." Kuanzia siku hiyo alinipikia maharage, sombe na samaki, bukari kipande cha kiganja tu, na yeye mwenyewe akaacha sukari kwenye chai yake ili nisione tamaa. Tulikaa wawili jikoni tukikunja nyuso juu ya chai chungu, tukichekana. Jumapili moja alinipikia kuku, akaleta nyama iliyo bora akanitazama nikila mpaka mfupa wa mwisho, kisha akanifuta mdomo kwa kitenge chake kama mtoto. Nilidhani amenielewa. Sijawahi kujisikia karibu na mtu kama nilivyojisikia karibu naye miezi hiyo. Neno la jina hakulirudia tena, na mimi nikadhani sukari imelifuta.

Mwishoni walinilaza hospitali, wakanichoma sindano za kushusha sukari kila siku, na kabla uchungu haujaanza wakanipasua. Daktari alisema hatangoja mabega mengine. Nilipoamka walinionyesha msichana, mnene kiasi lakini si wa kutisha, analia kwa hasira. Muuguzi alikuwa anamdondoshea maji ya sukari mdomoni kwa kijiko, akaniambia watoto wa mama kama mimi sukari yao hushuka ghafla wakizaliwa. Nilicheka kidonda kikauma. Alikuwa mzima. Nilirudia neno hilo moja tu, mzima, mzima, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia nimesikika.

Siku ya kurudi kambini uani kulijaa watu, na wanawake walewale walionyamaza bombani walinipigia vigelegele. Mmoja alinikumbatia akaninong'oneza, "Ulifanya muzuri." Nilifikiri anasema kuhusu kuzaa. Baadaye, watu walipopungua, Mama Kapinga alimwogesha mtoto chumbani kwangu, akamfunga, akanipa kifuani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Aksanti, Feza," alisema. "Aksanti ju ulisema."

"Nilisema nini, mama?"

"Ile siku kwa dokta. Tulisikia unalia, mulango imefungwa. Nikajua sasa anasema." Alikuwa anatabasamu, uso wote umelainika. "Ukafunga, ukakula kuku mweupe, na ona, njia ikafunguka. Mi siulizi jina. Mungu alisikia, inatosha."

Nilimwinamia mtoto. Mtoto wangu mzima, pale kifuani ananyonya, ndiye aliyekuwa ushahidi. Wa kwanza alikufa kwa sababu nilificha. Huyu aliishi kwa sababu nilikiri. Hapakuwa na mlango wa tatu. Nilijaribu kusema, "Mama, ilikuwa sukari," lakini sukari ya nani, imetoka wapi, ningefika Tenke kwa neno la pili tu, na yeye alikuwa ananipapasa goti, ana furaha sijawahi kumwona nayo. "Pumuzika," alisema. "Mukendi naye nilimuambia. Alisamehe."

Mukendi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, bado na nguo za kazi. Mama yake alipotoka alikuja akakaa mahali pake, akamgusa mtoto shavu kwa kidole kimoja.

"Mukendi," nilimwambia. "Ilikuwa sukari. Mu damu. Dokta anaweza kukuelezea."

"Ndiyo," alisema polepole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa mwenye homa. "Sukari."

Usiku ule aligeuka upande wangu, akaweka mkono wake juu yangu akalala hivyo, jambo ambalo hakulifanya tangu makaburini, na nikalia kimya nisimwamshe. Tuliishi pamoja mpaka alipofariki, tukazaa wengine, na alikuwa mume mwema. Hakunikumbusha hata siku moja.